Kabla Hujapenda Kichocheo Chako, Fikiria Utakioshaje

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza unga wa nano, yaani kichocheo cha chembe ndogo mno cha kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa mwanga wa jua, mtaulizwa sana unga wenu unatoa haidrojeni kiasi gani kwa gramu kwa saa. Mimi ningeuliza jingine: ukitakiwa kilo tano, utaziosha vipi?

Sitanii. Chembe ndogo kiasi hicho hazitaki kutuama. Gramu moja unaitia kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi ili chembe zitue chini, unamwaga maji, unarudia, jioni umemaliza. Ikiwa ni kilo, kuosha na kukausha ndiko kunakokula muda, maji safi na umeme. Ukikausha kwa pupa, chembe zinashikamana mabonge, na ule uso mpana uliouhangaikia unapotea.

Kupika nako kuna mambo yake. Otoklevu, chungu kinachofungwa kabisa ili kupika kwa shinikizo, ikiwa ya mililita 50 hupata moto karibu sawasawa. Katika ya lita 50, pembeni kunakuwa moto huku katikati bado vuguvugu, chembe za pembeni zinatangulia kukua, na unapakua unga wa saizi mchanganyiko. Kwa hiyo jaribu mapema kiasi kikubwa mara kumi, kabla hujaandika ripoti ya kusifia gramu moja.

Chukua naitraidi ya kaboni, mojawapo ya vichocheo hivi. Unaoka urea, mbolea ileile tunayoijua, kwenye chombo chenye kifuniko, karibu nyuzi 550 za Selsiasi. Malighafi ni rahisi, lakini sehemu kubwa hupaa kama gesi, amonia ikiwemo, na unabaki na unga kiduchu. Ukioka melamini badala ya urea, huacha unga mwingi zaidi, ila uso wake ni mdogo. Oveni isiyo na bomba la kutolea hewa usiiguse.

Someni kazi ya timu ya Kazunari Domen, Japani. Mwaka 2021 walitangaza paneli zenye jumla ya mita za mraba 100 zilizopakwa kichocheo kingine, strontiamu titaneti yenye alumini kidogo. Ufanisi wa juu, yaani sehemu ya nishati ya jua iliyogeuka kuwa haidrojeni, ulikuwa asilimia 0.76 tu, kwa kuwa unga huo hutumia mwanga wa urujuanimno, kipande kidogo cha mwanga wa jua. Hata hivyo naiheshimu kuliko rekodi nyingi za chupa ya maabara: kichocheo kinaokwa ndani ya chumvi iliyoyeyuka, kinapakwa kwenye kioo, na maji ni maji matupu.

Maana ukiona namba kubwa mno, angalia kama kwenye maji kulikuwa na metanoli, aina ya alkoholi. Hiyo hurahisisha kazi, na yenyewe hutoa haidrojeni.