Tuliandamana na madumu matupu: jibu kwa mdau wa Tabora

Mwakeye wakuu. Kwa msiojua Kiha, hiyo ni salamu ya asubuhi.

Mleta mada yuko Tabora, ana kibanda cha nafaka na watoto watatu. Anasema wenzake wa sokoni wamepanga kufunga vibanda siku moja na kwenda kwa miguu hadi ofisi za halmashauri kulalamikia ushuru na namna hela yao inavyotumika. Anauliza aende au abaki nyumbani. Nimesoma majibu yote. Nusu mnamwambia "nenda, haki haiombwi", nusu "kaa ulee wanao", na ninavyowasikia wengi wenu hamjawahi kusimama mbele ya geti lolote mkiwa na bango. Mimi nimesimama, mkoa wa Kigoma, mwaka 2023. Wilaya nitaihifadhi, wenyeji mtanielewa.

Nanunua maharage vijijini napeleka Kigoma mjini, nikirudi napakia dagaa na mawese. Mtaji mdogo, gari la kukodi, tunachangia watu watatu au wanne. Njiani kuna geti la ushuru: mti umelazwa barabarani, kibanda cha mabati, kijana na mashine ya POS ya kutolea risiti, ambayo siku nyingine ina chaji na siku nyingine haina. Siku isiyo na chaji unalipa vilevile, ila risiti huoni. Tulikuwa tunatozwa elfu tatu kwa gunia. Mimi na magunia yangu sita ni elfu kumi na nane, kabla sijafika sokoni nikalipia meza na kabla mpagazi hajaninyooshea mkono.

Tulilipa hivyo miaka. Hatukujua kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya 2017 ushuru wa mazao ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na kwamba mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi kabisa. Magunia yangu sita ni kilo mia sita hivi. Aliyetuambia ni kijana mmoja aliyemaliza chuo akakosa ajira akawa anauza vocha pale stendi. Alikuwa na sheria yenyewe kwenye simu. Tukamfanya katibu siku ileile.

Ila niwe mkweli, ushuru peke yake usingewatoa watu majumbani. Watu wa kwetu wamezoea kukatwa. Tozo za miamala ya simu zilipokuja Julai 2021 tulinung'unika, tukarudi kutuma hela kwa makondakta wa basi, zikapunguzwa kwa asilimia 30 maisha yakaendelea. Mwaka huohuo kodi ya jengo ikaingizwa kwenye LUKU, sasa hivi ni 1,500 kila mwezi, na mpangaji anamlipia mwenye nyumba ambaye yuko Dar hajui hata bati lake linavuja. Tulinung'unika, tukanunua umeme.

Kilichowatoa watu ni karatasi. Ubaoni pale ofisi za halmashauri ilibandikwa taarifa ya mapato na matumizi, na katibu wetu akaipiga picha. Posho za vikao na safari za mafunzo zilikuwa na tarakimu ndefu. Mstari wa ukarabati wa soko ulikuwa na kistari tu. Na choo cha soko kilikuwa kimefungwa kwa kufuli mwezi wa tano huo. Wanaume tunajua pa kwenda, nyuma ya magari. Akina mama wauza dagaa wanaokaa pale tangu saa kumi na moja alfajiri waende wapi? Halafu haohao walikuwa na kikundi, wamejaza fomu za mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo ilikuwa imesimamishwa nchi nzima tangu Aprili. Kwa hiyo aliyeona ile picha akiwa amebana mkojo alikuwa tayari.

Tuliandika barua polisi. Sheria inataka taarifa saa 48 kabla, sisi tukapeleka siku tano kabla, nakala mbili. Kijana wa mapokezi akataka kubaki na zote. Mama mmoja wa dagaa akamwambia, "Mwanangu, hata mimi nikikukopesha dagaa naandika pande mbili." Akatugongea muhuri nakala yetu. Jibu likaja jioni ya kuamkia siku yenyewe: maandamano hapana, kuna taarifa za kiintelijensia. Intelijensia ya akina mama wa dagaa, sawa.

Usiku ule sikulala. Na hapa ndipo mikoa yetu inatofautiana, mdau. Tabora ukipayuka utaitwa mkorofi. Kigoma ukipayuka unaulizwa babu yako alizikwa wapi. Mwaka 2021 watu mtandaoni walitaniana kwamba asiyetaka tozo ahamie Burundi, nchi nzima ikacheka, sisi wa mpakani na Burundi, tunaoulizwa uraia kila siku, hatukucheka sana. Asubuhi nilibeba kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na cha marehemu baba. Bango nikasahau nyumbani.

Kwa kuwa tumekatazwa kuandamana, hatukuandamana. Tulifunga vibanda tukakaa chini. Kariakoo walipofunga siku tatu Mei ile, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alikwenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Sisi tulifunga hadi saa nne na aliyekuja ni mwehu wa stendi kuuliza kama kuna msiba. Redio hata moja haikutokea. Watu wakaanza kuchungulia mizigo yao, dagaa wanaoza, nyanya zinalainika. Mgomo wa mji mdogo unakufa hivyohivyo, bila hata kupigwa bomu la machozi.

Wauza mawese ndio walioinuka. Kila mmoja akachukua dumu lake tupu la lita ishirini, akajitwisha, wakaanza kutembea mmojammoja kuelekea halmashauri kama wanaokwenda kisimani. Hakuna wimbo, hakuna bango. Afande aliyekuwa kona ya benki akawauliza wanakwenda wapi. "Kuchota maji, baba. Huko kwenu bomba linatoka." Na kweli, ofisi ile ilikuwa na bomba na soko halikuwa nalo. Hakuwa na cha kuwazuia nacho. Nyuma yao tukajikuta tumesimama wote, mikono mitupu, tunatembea pembeni ya barabara kama watu wenye shughuli zao.

Njiani nilitembea na mzee mmoja wa mbao, umri wa babu yangu. Aliniambia baba yake alikwenda kukata mkonge Tanga, manamba, kwa sababu Mwingereza alitaka kodi kwa hela taslimu na Buha, huku kwetu Waha, hela haikuwepo. Yeye mwenyewe amelala porini kukimbia wakusanya kodi ya kichwa. Mwaka 2003 kodi ile ilipofutwa alichinja mbuzi. "Mimi nilikimbia," aliniambia, "leo nimekuja na fimbo, sina mbio tena."

Getini tulikuta polisi sita na mabwana wawili wa ofisi wamevaa miwani ya jua. Tulikaa chini juani saa nzima na nusu. Mtu wa chama fulani akatokea na bendera, tukamwomba aikunje. Akakasirika, akasema bila wao hatuna ubavu, akaondoka. Kigoma siasa haikosekani mezani, lakini siku ile ingetuharibia, wangepata sababu ndani ya dakika mbili. Nilipigwa kirungu kimoja begani nilipoinuka kujinyoosha. Kimoja tu, nadhani hata aliyenipiga alikuwa amechoka.

Mwisho wakasema waingie wawakilishi watano. Nikawa mmojawao. Ndani kuna kiyoyozi, maji ya chupa, na mkubwa mmoja aliyezungumza nusu saa kuhusu miradi. Madarasa, zahanati, lami kilomita kadhaa. Katibu wetu akamsomea Katiba, ibara ya 138, kwamba hakuna kodi itakayotozwa bila sheria. Mkubwa akatabasamu, akajibu kwa ibara nyingine. Akasomewa ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ile ya serikali za mitaa, ile hoja inayojirudia ya hela zilizokusanywa kwa POS zisifike benki. Akasema hoja zinajibiwa. Ungedhani tunacheza bao na fundi.

Mimi sikuwa na ibara yoyote. Nikauliza tu, "Mheshimiwa, pale getini mnajuaje kwamba mzigo umezidi tani moja? Mzani uko wapi?"

Kimya. Akamgeukia wa mapato. Wa mapato akamgeukia wa biashara. Wa biashara akafungua faili. Mzani haukuwepo, haujawahi kuwepo. Kwa mara ya kwanza siku ile mtu wa upande wao akaandika kitu kwenye daftari.

Sasa matokeo, maana ndiyo mleta mada anayoyataka. Choo kilifunguliwa kesho yake, kwa shilingi mia tatu. Ya posho hatukujibiwa mpaka leo. Getini hatukutozwa miezi minne, halafu wakaanza tena usiku, kwa wasiotujua. Mimi niliitwa ofisi moja nikaulizwa maswali saa mbili, ya uraia yakiwemo, vyeti vyangu vikafanya kazi. Katibu alinyang'anywa meza yake ya vocha stendi, wakasema eneo la hifadhi ya barabara. Tulimchangia, sasa yuko Uvinza. Hilo linaniuma kuliko kirungu.

Na mzani ukanunuliwa. Bei yake ikabandikwa ubaoni, yule mzee wa mbao akavaa miwani akaisoma mara mbili, akasema kwa hela hiyo yeye angeleta mzani na ng'ombe wa kupimia.

Kwa hiyo mdau, hilo la kwenda au kubaki sikuamulii, lakini ukienda: hakikisha barua yenu ina muhuri, ipige picha, itume kwa mtu aliye nje ya wilaya. Risiti zako zote weka kwenye mfuko mmoja, na zile ulizonyimwa andika tarehe na jina la geti. Usikae mbele wala nyuma kabisa, kaa karibu na akina mama. Mtoto mmoja aachwe kwa jirani ambaye hayupo kwenye msafara, na jirani apewe namba za ndugu. Kunywa chai nzito kabla. Na kabla hujatoka nenda kaangalie geti lenu la ushuru huko Tabora kama lina mzani, halafu rudi hapa utuambie.