Tusiitazame bahari peke yake

Swali la wiki hii linauliza jiografia na hali ya hewa vina nguvu gani juu ya biashara na maendeleo. Wengi watataja bandari, na hawajakosea. Kilwa ilitajirika kwa sababu jahazi lililoshuka na kaskazi liliweza kuifikia, kisha kurudi Uarabuni au Bara Hindi na kusi. Sofala, katika Msumbiji ya leo, ilikuwa mbali mno kwa safari hiyo, hivyo dhahabu yake ikapitia Kilwa. Zilipokuja meli za moshi, hesabu ya pepo ikapungua uzito, na bandari ya asili kama ya Dar es Salaam ikapanda thamani.

Ila mzigo wa Bujumbura, Burundi, unaopita Dar es Salaam hadi Kigoma kisha ziwani, hauishii gatini. Kwenye reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, pabaya ni kati ya Kilosa na Gulwe, inapofuata bonde la Mkondoa. Maji yanayoivunja mara nyingi hutoka mbali, kwenye nyanda za Dodoma ambako kiangazi huacha udongo mtupu. Hushuka na mchanga, mchanga hujaa mtoni, mto hupanda hadi usawa wa tuta la reli. Kalvati, yaani mifereji ya kupitisha maji chini ya reli, zikiziba, maji huzunguka nyuma ya tuta na kula udongo chini ya kokoto. Reli hubaki ikining'inia na mataruma yake. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Kumwaga kokoto mpya bila kuzibua kalvati na kuzuia mchanga huko juu ni kutupa fedha.

Mfanyabiashara wa Kariakoo hapa hudanganywa na anga la kwao. Januari Dar ni jua kali, masika bado. Dodoma mvua imeshakolea tangu Desemba na itaendelea hadi Aprili. Hiyo ndiyo miezi ya kuhofia njia.

Njia ikikatika, hesabu ni hii: mabehewa 20 ya tani 40 ni tani 800, na kwa tani 28 kila lori, yanatakiwa malori 29. Wote wanayatafuta siku moja, nauli inaruka.  

Kwa hiyo saruji na mbolea zipelekwe Kigoma kati ya Juni na Novemba, na ghala la huko likodiwe mapema. Mahindi yanayosubiri usafiri Dar yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 na yawekwe juu ya chaga. Joto la pwani huyaotesha ukungu haraka.