Shindano la mazoezi kazini: tuhesabu siku, si hatua

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu katika ofisi yenye wafanyakazi arobaini hivi jijini Dar es Salaam, na nimepewa jukumu la kuandaa shindano la mazoezi la miezi miwili. Lile la mwaka jana, ambalo tulihesabu hatua kwa simu, lilitushinda. Kufikia wiki ya tatu walibaki vijana watano wa klabu ya jogingi ya mtaani, wengine wakajitoa mmoja mmoja kwenye kundi la WhatsApp, na mwenzetu mmoja akabainika kuwa alikuwa akimpa mwanawe simu aende nayo kucheza mpira. Safari hii uongozi unataka na familia zishiriki. Nifanyeje?

JIBU: Nilicheka niliposoma habari za mtoto huyo, kisha nikaona kwamba yeye ndiye aliyefichua kasoro ya shindano lenu. Anayetuzwa kwa wingi wa hatua ni yule ambaye angekimbia hata bila tuzo, ilhali mama wa miaka 52, ambaye ameanza kushuka daladala kituo kimoja kabla ya ofisi, huona jina lake mkiani kila Ijumaa, hata ajitahidi vipi. Hata zile hatua 10,000 ambazo watu huzikariri kama sheria zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965, si na agizo la daktari.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki kwa mtu mzima, kwa mwendo wa wastani, yaani ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Kwa hiyo gawanyeni watu kwa kura katika timu za watano watano, mkichanganya idara na umri, na kila aliyefikisha dakika 30 kwa siku aiingizie timu yake pointi moja, zisizidi tano kwa wiki. Aliyekimbia kwa muda wa saa tatu atapata pointi ileile moja, na akitaka timu yake ishinde itambidi ampitie mwenzake wa masjala watembee pamoja.

Familia iingie hapo hapo. Dakika zilizofanywa na mtu wa nyumbani ziongezewe nusu pointi, iwe ni kuruka kamba, kucheza rede uani (akina mama wengi bado wanaikwepa mipira kwa ustadi wa kushangaza) au kwenda sokoni kwa miguu. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku, kwa hiyo wao ndio watakaowahimiza wazazi. Katikati ya shindano fanyeni bonanza Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kali, na msikose kuvuta kamba, kwa kuwa huko mwenye mwili mkubwa hugombewa.

Msipime wala kutangaza uzito wa mtu. Ushiriki uwe wa hiari, na mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo amwone daktari wake kwanza. Zawadi nayo isiwe fedha, kwani ndiyo huzaa ujanja wa simu. Ruhusa ya kuchelewa kuingia kazini Jumatatu moja inatosha. Yule mwenzenu mpeni unahodha wa timu mojawapo, na siku ya bonanza aje na mwanawe.