Homa inarudi kila mwezi, RDT hasi: ni ugonjwa gani huu?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja kisiwani Pate, Lamu. Juzi nilifuatilia kwa simu kongamano la utafiti kuhusu magonjwa ya mchochota (mwili kuwaka joto na kuvimba ukijikinga) unaoanzia mwilini wenyewe, bila ya kijidudu. Walizungumza mno juu ya inflamasomu, interleukini-1 na jeni, na mengi yalinipita. Lakini nilipokuwa nikisikiliza nilimkumbuka mtoto wa miaka minne anayeletwa kwetu karibu kila mwezi: homa kali, koo jekundu, vidonda mdomoni, RDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi. Tunampa antibayotiki, anapona, kisha anarudi. Je, ndiyo haya waliyokuwa wakiyasema, au hayo ni mambo ya mahospitali makubwa? Na kwa vifaa vyetu nitajuaje?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Yanakuhusu sana, na huhitaji mashine ya kusoma jeni ili uanze. Unahitaji tarehe.

Kwanza yale yaliyokupita, kwa ufupi. Kinga ya mwili ina pande mbili. Upande mmoja hujifunza: hukutana na kijidudu, hutengeneza kingamwili, hukumbuka. Huo ukipotoka ukashambulia viungo vya mwenyewe, ndiyo yale magonjwa ya otoimuni, mfano lupasi. Upande wa pili ni kinga tunayozaliwa nayo, isiyongoja kufundishwa. Ndani ya seli zake kuna protini ambazo zikihisi hatari hujikusanya pamoja. Mkusanyiko huo ndio inflamasomu, na kazi yake ni kuiamsha interleukini-1. Interleukini-1 ndiyo huuamuru ubongo upandishe joto. Sasa, inflamasomu ikiwaka bila ya kijidudu chochote, mtoto hupata homa ya kweli, kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha mchochota, hupanda kwelikweli, lakini antibayotiki haina cha kuua.

Kundi hili lilipewa jina lake, magonjwa ya otoinflamatori, mwaka 1999, watafiti wakiwemo wa timu ya Daniel Kastner wa Marekani walipoeleza ugonjwa mmoja wa homa za kurithi. Miaka miwili kabla, jeni ya homa ya familia za Mediterania ilikuwa imepatikana. Ndiyo maana makongamano haya hujaa majina ya jeni. Lakini ugonjwa wa homa za vipindi unaoonekana zaidi kwa watoto hauna jeni moja inayojulikana kuusababisha, na huo ndio ninaomshuku nao mtoto wako. Unaitwa PFAPA, ulielezwa Marekani mwaka 1987. Kwa kawaida huanza kabla ya miaka mitano: homa ya siku tatu hadi sita, koo, vidonda vya mdomo, tezi za shingo, na baada ya wiki tatu hadi sita mambo hayo hayo tena. Katikati mtoto ni mzima kabisa, anakula, anakua. Wengi huachwa nayo wakikua.

Hapa ndipo antibayotiki inapojipatia sifa isiyo yake. Mama anangoja siku mbili, anamleta siku ya tatu, unaandika amoksilini, siku ya nne au ya tano homa imeshuka. Homa ingeshuka siku hiyo hata kama angepewa maji ya dafu. Lakini mama ameona dawa imefanya kazi, nawe umeona, na mwezi ujao kijitabu kinaandikwa "koo" upya, kana kwamba ni mara ya kwanza. Nimeshika vijitabu vya namna hiyo hapa Malindi, kila ukurasa una mwandiko wa mtu mwingine, na hakuna aliyefunua nyuma.

Kwa hiyo mpe mama karatasi moja, au daftari la shule. Kila homa iandikwe ilipoanza na ilipoisha, joto kwa themomita (si kwa kiganja cha bibi), na kilichoonekana. Mfano: "Jumatatu jioni, 39.6, koo jekundu, vidonda viwili ndani ya mdomo wa chini, RDT hasi. Ijumaa asubuhi 36.8, ameomba mahamri, ametoka kucheza." Miezi mitatu ya maandishi kama hayo itanisaidia mimi kuliko kipimo chochote mtakachonitumia kwa boti.

Na usiache kupima malaria kila homa inapokuja. Mtoto mwenye PFAPA naye huumwa na mbu. Tena RDT hasi peke yake haituambii kwamba tumepata ugonjwa wa kongamanoni. Nyinyi watu wa Lamu mnajua: mwaka 2004 chikungunya ilianzia huko kwenu kabla ya kufika Mombasa na Komoro, na homa zile hazikuwa malaria. Huyu wako ana mzunguko, jambo ambalo chikungunya haina, lakini mpime mkojo, apimwe selimundu kama hajapimwa, na uulize kama wanakunywa maziwa mabichi, kwa sababu bruselosi nayo hupanda na kushuka. Kuna jingine ambalo hupotea kirahisi: chembe nyeupe zinazopungua kila baada ya siku 21 hivi, nayo huleta homa na vidonda vya mdomo. Hemogramu moja, yaani hesabu ya chembe za damu, haitoshi kulikamata. Irudiwe mara kadhaa, hata siku ambazo hana homa.

Uliza pia juu ya tumbo. Homa ya siku moja hadi tatu, pamoja na tumbo linalouma hadi mtu akadhani ni apendiksi, au kifua, au goti moja, hiyo inaelekea homa ya Mediterania. Kwa kawaida hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo kuoana mabinamu huiongezea nafasi. Liulize kwa adabu, faraghani. Asili ya Kiarabu pekee haithibitishi kitu. Swali kubwa zaidi ni kama kuna jamaa aliyekuwa na homa kama hizo akaishia na figo zilizokufa, maana isipotibiwa huweza kuziharibu figo. Dawa yake ni kolchisini, ile ya jongo, inayotumika kwa ugonjwa huu tangu 1972. Hainywewi kwa kubahatisha. Dozi ikizidi inaua.

Prednisoloni usimpe bado. Najua umesikia kwamba dozi moja huikata PFAPA kwa saa chache, na ni kweli, ingawa mara nyingi homa ifuatayo huja mapema zaidi. Lakini prednisoloni hutuliza hata saratani ya damu kwa muda, ikatuficha mpaka tumechelewa. Sindano za kuzuia interleukini-1 walizozitaja, anakinra na canakinumab, mtoto huyu hazihitaji.

Akianza kukonda, akiwa hana raha hata baina ya homa, kiungo kikivimba, akitoka vipele au mkojo ukionyesha protini, usingoje hiyo miezi mitatu. Mpe rufaa wiki hiyo hiyo. Na shingo ikikakamaa, au akipata degedege au akilegea, ni boti ya usiku huo huo. Vinginevyo, aendelee na daftari, na siku ya kuja aletwe pamoja na kile kijitabu cha zamani chenye "koo" zote.