Maswali ya Magari: Gari la Zamani na Oili Yake

Barua za toleo hili zote zinahusu oili ya injini, na nyingi zimetoka kwa wenye magari ya Kijapani yaliyoingia nchini yakiwa yameshatumika. Tumezifupisha.

Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, imetembea kilomita 280,000. Fundi wangu anasema injini ikizeeka inataka oili nzito, kwa hiyo ananiwekea 20W-50. Dukani wanasisitiza Toyota ni 5W-30. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Tanga*

Usimsikilize yeyote kati yao mpaka ujue mambo mawili: gari linakula oili kiasi gani, na taa ya oili inawaka wakati gani. Umri peke yake hausemi kitu. Injini ya 5A iliyomwagwa oili kwa wakati inaweza kufikisha kilomita hizo ikiwa bado nzima kabisa, na injini ya hivyo haina kesi ya kujibu na 20W-50.

Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotembea injini ikiwa baridi. Namba ya mwisho ni uzito wake ikishapata moto, ukipimwa kwenye nyuzi 100. Wengi hudhani 5W-30 ni ya nchi za theluji na 20W-50 ni ya pwani, na hapo kuna ukweli nusu tu. Gari lako lina rejeta na themostati, na kazi ya themostati ni kuweka maji ya injini kati ya nyuzi 80 na 90 hivi, uwe Tanga au Makete. Oili ikishachemka haijui sana uko wapi. Tofauti iko asubuhi unapopiga stata. Kwenye nyuzi 40, 5W-30 ya kawaida ina mnato wa sentistoki kama 60, 15W-40 kama 105, na 20W-50 hupita 160. Ile nzito huchelewa kupanda hadi kwenye kamshafti, na kwa muda huo vyuma vya juu vinasuguana kwenye utando mwembamba uliobaki tangu jana.

Hata hivyo fundi wako hajatunga uongo. Beringi zilizolika zina nafasi kubwa, oili nyepesi hupita humo haraka mno na presha hushuka. Ndiyo maana tunasema pima kwanza. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano, futa dipstiki, chomeka tena na usome. Weka alama. Tembea kilomita 1,000 kisha uone umeongeza kiasi gani kurudi kwenye alama ileile. Ikiwa ni chini ya nusu lita na taa haijawahi kupepesa, tumia 10W-30 au 10W-40, na hata 5W-30 haitaidhuru. Ikizidi hapo, panda hatua moja, nenda 15W-40. Ile 20W-50 iache iwe ya kusubiria pesa za kufungua injini.

Taa inayowaka wakati dipstiki inaonyesha imejaa ni habari nyingine. Usiizime kwa oili nzito. Anza na swichi ya presha, ambayo ni bei rahisi na huharibika yenyewe. Ikiwa mpya haikubadilisha kitu, fundi aitoe, afunge geji mahali pake na asome injini ikiwa ya moto. Kwa 5A, bila kukanyaga mafuta isishuke chini ya psi 4, na kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya psi 36 na 71. Ikiwa chini ya hapo, shusha sampu utazame chujio la pampu. Mara nyingi limezibwa na tope la oili.

Jambo moja ambalo hakuuliza mtu: injini yako huchukua takriban lita 3 pamoja na filta, na dumu lina lita 4. Kuna gereji humimina lote kwa sababu mteja ameshalilipia. Oili ikizidi sana hufikiwa na krenkshafti inapozunguka, ikapigwa povu, na povu halishiki presha. Inayobaki husukumwa nje kwenye sili. Mimina lita 2.7, washa injini dakika moja, zima, subiri, pima, kisha malizia kidogokidogo mpaka alama ya F. Lita iliyobaki weka kwenye buti.

Toyota IST ya 2004. Baada ya kumwaga oili na kuwekewa 20W-50 gari limekuwa zito kuchanganya, na taa ya injini imewaka. Mashine imesoma P1349.
*Msomaji, Mwanza*

Ikiwa injini yako ni 1NZ-FE, ina VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, na VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oili. Oili inapita kwenye valvu ndogo ya umeme yenye wavu mwembamba, halafu inasukuma gia ya kamshafti mbele au nyuma. Oili nzito au chafu hupita pale kwa shida, gia inachelewa, kompyuta inalalamika kwa msimbo huohuo uliousoma.

Mwaga, weka 5W-30 au 10W-30, lita 3.7 pamoja na filta mpya. Boliti ya sampu ni spana namba 14. Weka washa mpya na uikaze kwa Nm 38, si kwa nguvu zote za fundi, kwani uzi wa sampu ukikatika gharama ni nyingine. Filta ifungwe kwa mkono: paka oili kwenye mpira wake, na ukishagusa chuma zungusha robo tatu ya mzunguko.

Msimbo ukirudi, toa ile valvu, imeshikwa na boliti ya spana namba 10, uisafishe pamoja na wavu wake. Pima waya zake kwa mita: injini ikiwa baridi isome omu 6.9 hadi 7.9. Ukiigusisha betri ya volti 12 kwa sekunde moja, kipini cha ndani kinapaswa kuruka. Kisiporuka, nunua nyingine.

Ni kweli oili ya sintetiki huvujisha gari la zamani?
*Msomaji, Dodoma*

Sintetiki za mwanzo kabisa ziliwahi kusumbua sili za mpira. Za leo hazifanyi hivyo. Kinachotokea ni kwamba sabuni iliyomo ndani yake huondoa tope lililokuwa limeziba sili iliyokwisha kufa, na uvujaji uliokuwa umejificha unaonekana. Kama injini ni kavu kwa nje, weka bila hofu. Kama tayari inadondosha, badilisha sili kwanza, au baki na ya madini ya bei nafuu, maana hakuna faida kununua oili ghali ili iishie sakafuni.

Premio yangu ya 1.8 inamaliza lita moja ya oili kila kilomita 1,000. Chini ni kavu, haidondoshi hata tone. Nimeshajaribu oili nzito na dawa ya kopo. Bado.
*Msomaji, Nakuru*

Ikiwa ni injini ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo ya 2000, unaongea juu ya ugonjwa unaojulikana. Nyuma ya ringi ya oili kwenye pistoni kuna vitundu vya kurudishia oili kwenye sampu. Katika pistoni za mwanzo za 1ZZ vitundu hivyo ni vidogo, vinazibwa na masizi, ringi inaganda, na oili inabaki kwenye ukuta wa silinda ikaungua. Baadaye Toyota ilibadilisha pistoni hizo.

Lakini usikubali kufunguliwa injini kabla ya kutenga sababu. Angalia moshi. Ukitoka wa bluu asubuhi tu, ukapotea baada ya dakika moja, ni sili za valvu. Hizo fundi mzuri hubadilisha bila kutoa kichwa cha injini. Jaribu pia ukishuka mteremko mrefu kama wa Salgaa ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta: ukikanyaga tena chini na bonge la moshi likatoka, bado ni sili za valvu. Moshi unaoendelea kutoka muda wote unapopandisha mlima ni ringi. Moshi mweupe wenye harufu tamu si oili, ni maji ya rejeta, na hapo utazame gasketi ya kichwa.

Kuna pia valvu ya PCV, kijikopo kidogo kinachorudisha hewa ya ndani ya injini kwenye manifoldi. Ichomoe, ipulize kwa mdomo kupitia kipande cha mpira safi. Hewa ipite upande mmoja tu. Ikipita pande zote au isipite kabisa, badilisha. Ni kipuri cha bei ndogo na watu wamefungua injini nzima kwa sababu yake.

Ikibainika ni ringi, dawa halisi ni pistoni za muundo mpya na ringi zake. Unapojichanga, tumia sintetiki 5W-40 na uimwage kila kilomita 3,000. Sabuni yake huweza kulegeza masizi kidogo, ingawa hatukuahidi. Dawa za kopo za kuzidisha uzito achana nazo. Oili ya kusafishia injini inayomwagwa baada ya dakika kumi tunaiogopa zaidi kwenye injini yenye tope, kwani uchafu ukimeguka kwa mpigo hukimbilia kwenye chujio la pampu.

Muhimu kuliko yote, pima kila unapojaza petroli. Sampu yako ina lita 3.7. Kwa mwendo huo, kilomita 2,500 bila kuongeza zinakuacha na lita 1.2, na injini inakufa kabla taa haijakuonya vya kutosha.

Beetle ya 1973, injini 1600. Nikiuliza oili napewa 5W-30 ya kisasa. Ni sawa?
*Msomaji, Moshi*

Hapana. Beetle haina maji wala rejeta. Inapozwa kwa upepo na oili yenyewe, kwa hiyo hoja ya joto la mahali tuliyoikataa kwa Corolla hapa ina nguvu. Halafu tapeti zake ni bapa, zinasuguana moja kwa moja na kamshafti, na kinachozilinda ni zinki na fosforasi zilizomo kwenye oili. Tangu daraja la ubora la SM la mwaka 2004, oili nyepesi za petroli, kama 5W-30 na 10W-30, zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 ili kulinda vichujio vya moshi vya magari mapya. Beetle haina kichujio hicho. Oili za 15W-40 na 20W-50 hazibanwi na kikomo hicho, na 15W-40 ya dizeli yenye daraja la CI-4 kwa kawaida ina zinki ya kutosha. Kwa injini nzima chukua 15W-40. Kwa iliyochoka, 20W-50.

Kiasi ni lita 2.5 tu. Haina filta ya karatasi, ina wavu wa chuma chini, umeshikwa na bamba lenye nati sita. Kila kilomita 5,000 fungua bamba, osha wavu kwa petroli, weka gasketi mbili mpya na washa za shaba. Nati hizo ni Nm 7, nguvu ya vidole na spana fupi. Ukizidisha, vijiti vyake hung'oka kwenye injini. Na kwa kuwa umeshalala chini ya gari, rekebisha nafasi ya valvu, milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa.

Hiace yangu ya dizeli, oili inakuwa nyeusi siku ya pili. Ni feki?
*Msomaji, Morogoro*

Si lazima. Dizeli hutoa masizi, na oili nzuri huyabeba badala ya kuyaacha yagande. Rangi haipimi kitu hapo. Hakikisha tu dumu lina herufi C, mfano CH-4 au CI-4, kwani S ni ya petroli. Ikiwa ni daladala la foleni, usihesabu kilomita peke yake: kilomita 5,000 kwa mwendo wa wastani wa 15 kwa saa ni saa 333 za injini, na kwa 60 kwa saa ni 83.

Feki basi inatambuliwaje?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Pete ya kifuniko iwe haijakatika, karatasi ya chini yake iwe imeshikamana pande zote, na namba ya toleo iwe imechapwa wazi kwenye dumu, si stika inayobanduka. Bei ikiwa chini sana ya maduka mengine, ondoka. Feki nyingi hutiwa kwenye madumu halisi yaliyookotwa gereji, kwa hiyo ukimaliza kumwaga oili toboa dumu lako kwa msumari kabla hujaliacha pale.