Nenda bustanini kabla majani hayajachanua

Watu wengi husubiri joto ndipo waende kutazama mimea na ndege kwenye bustani za jiji. Mimi nakushauri uwahi, mwishoni mwa majira ya baridi, miti ikiwa bado mitupu. Katika nchi za kaskazini hiyo ni Februari hadi mwanzo wa Machi. Ndege aliyetua hana jani la kujifichia, na viota vya mwaka jana viko wazi.

Anza na matumba. Mti uliyaumba tangu kiangazi kilichopita, ukayafunika kwa magamba, na sasa yanangoja tu. Ya mti wa Fraxinus wa Ulaya (kwa Kiingereza ash) ni meusi, yamekaa mawili mawili yakielekeana. Ya mti wa Fagus (beech) ni membamba, marefu, yamechongoka. Ya mti wa Aesculus (horse chestnut) ni manene na mara nyingi hunata ukiyagusa; chini yake kuna kovu la jani lililoanguka, limepinda kama chuma cha kwato ya farasi, hata alama za misumari zipo. Mimi nilianza na hayo matatu, yakanitosha msimu mzima.

Kisha mtafute Corylus, mti mdogo wa hazeli, kwani huo unachanua baridi ikiwa bado kali. Maua ya kiume ni vishada vya manjano vinavyoning'inia. Viguse siku kavu uone chavua ikipeperuka. Usiondoke hapo. Kagua matawi yaleyale polepole mpaka uone tumba dogo lililotoa nyuzi nyekundu nchani, za milimita chache tu. Hilo ndilo ua la kike, na wengi hupita kando yake maisha yao yote. Mti huu huchavushwa na upepo, na majani yangeizuia chavua, ndiyo maana hauyasubiri.

Kwa ndege, tumia masikio kwanza. Mchana unaporefuka, homoni za madume huamka nao huanza kuimba hata theluji ikiwa chini. Alfajiri ndiyo saa yao. Ukimsikia kigong'ota akipiga mfululizo wa haraka, mapigo zaidi ya kumi katika muda usiofika sekunde moja, ujue anatangaza eneo lake au anaita mwenza. Anapotafuta wadudu hugonga polepole, bila mpangilio.

Mwangalie pia kwezi wa Ulaya, ambaye yuko hata Marekani tangu alipoachiliwa Central Park, New York, mwaka 1890. Mdomo wake uliokuwa mweusi unageuka manjano, na madoadoa meupe yanapungua kwa sababu ncha za manyoya zimelika. Hapo unauona msimu ukibadilika mwilini mwa ndege mmoja.

Darubini ya kukuza mara 8 inatosha; ya mara 10 hutikisika zaidi mkononi. Usizunguke bustani nzima. Chagua kipande kidogo chenye miti michache na maji, urudi hapo kila wiki na daftari, ukiandika tarehe na ulichokiona.

Na usikawie. Mbayuwayu na wahamaji wengine kutoka Afrika hufika Ulaya kwa wingi mwezi Aprili, na sauti huchanganyika. Kabla hawajafika, zizoee sauti nne au tano za ndege wakaazi.