Nimejenga ng'ambo ya Mto Mpiji: nijiandike mkazi wa Dar?

SWALI: Habari za kazi, mpima. Nimejenga Mapinga na huu ni mwaka wa tatu naishi hapo. Kazi yangu ipo Kariakoo, naondoka alfajiri, narudi usiku. Maji ni ya DAWASA, na mkataba wangu wa mauziano umeandikwa "kiwanja kipo Bunju, Dar es Salaam". Kazini wananitania kwamba mimi ni mtu wa Pwani. Sasa najaza fomu ya mkopo na nyumba ndiyo dhamana. Naruhusiwa kuandika mkazi wa Dar es Salaam? Dalali aliniambia pia kwamba eneo letu litaingizwa Dar muda si mrefu.

JIBU: Salama, dada. Kwenye fomu andika hivi: Mapinga, Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani. Kazini jibu upendavyo. Ukiwa Mwanza au Muscat ukaulizwa unatokea wapi, sema Dar bila wasiwasi, maana anayeuliza hana haja ya kuujua Mto Mpiji unaotenganisha Dar na Pwani. Mazungumzo hayagongwi muhuri. Fomu inagongwa.

Kiswahili chenyewe kimeshatenganisha mambo haya, ila tukishika kalamu tunayachanganya. Mtu wa mahali ni habari ya asili, hata kama hujalala huko miaka ishirini. Mzaliwa ni pale cheti cha kuzaliwa kinapotaja. Mkazi ni pale unapolala. Aliyezaliwa Tumbi, Kibaha, akaandika kwenye fomu ya NIDA kuwa amezaliwa Dar es Salaam kwa sababu "ni hapo hapo", ameshajitengenezea kitambulisho kinachopingana na cheti chake, na atakuja kuligundua hilo siku anayoomba pasipoti. Na kufanya kazi Kariakoo hakukupi ukazi wa Ilala, hata ungekuwa unashinda huko saa kumi na tano kwa siku.

Mpaka wa mkoa hauwekwi na mazoea. Ibara ya 2 ya Katiba imempa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya, na mgawanyo huo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Upande wenu mpaka ni Mto Mpiji: ukitoka Bunju kuelekea Bagamoyo, ukishavuka daraja umeingia Pwani. Bili ya DAWASA haithibitishi chochote, kwa kuwa mamlaka hiyo inahudumia Dar es Salaam pamoja na Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Kisarawe. Tena maji yenyewe ya Dar kwa sehemu kubwa yanatoka Pwani, kwenye mitambo ya Ruvu Juu iliyopo Mlandizi na Ruvu Chini iliyopo Bagamoyo. Wala kibao cha daladala hakithibitishi kitu. Ukitaka kipimo chepesi, angalia postikodi: za Dar es Salaam zinaanza na 1, za Pwani zinaanza na 61.

Hata neno "jiji" watu wanalitumia kwa kukisia. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya zamani ilivunjwa, na iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa. Kwa hiyo fomu ikikuuliza halmashauri, mkazi wa Chanika anaandika Jiji la Dar es Salaam, na mkazi wa Masaki anaandika Manispaa ya Kinondoni. Wote wawili wako ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam. Wewe wa Mapinga hauko kwenye jiji wala kwenye mkoa huo, na hilo halikupunguzii hadhi hata chembe.

Kilichonishtua katika barua yako ni huo mkataba. Utani wa kazini utaisha wenyewe, lakini mkataba unaosema "Bunju, Dar es Salaam" kwa kiwanja kilichopo Mapinga hauisemi ardhi yako. Benki itamtuma mthamini. Atafika kwenye nyumba, atachukua vipimo, na ripoti yake itaandika Bagamoyo. Afisa mikopo ataweka karatasi mbili mezani, moja Kinondoni (ndiko iliko Bunju) na nyingine Bagamoyo, na faili litarudi. Hapo bado mambo ni mepesi. Mazito ni siku atakapotokea mtu akidai kiwanja ni chake. Shauri la ardhi hufunguliwa mahali ardhi ilipo, na kanuni ya 3 ya Amri ya VII katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka mali isiyohamishika ielezwe kiasi cha kutambulika. Ukifungua Kinondoni kwa kufuata mkataba wako, baraza la ardhi la huko halina mamlaka na ardhi ya Bagamoyo. Ukifungua Bagamoyo, mpinzani wako atausoma mkataba wako kwa sauti: "Huyu alinunua Bunju, na aende Bunju."

Madalali hawaandiki "Bunju" kwa bahati mbaya. Jina la Dar linapandisha bei, basi kila kilicho mbele ya Bunju kinaitwa Bunju, kila kilicho mbele ya Mbagala ni Mbagala hata kama ni Vikindu, wilayani Mkuranga, na Kiluvya yote inauzwa kama ya Ubungo wakati kuna Kiluvya iliyopo Kisarawe. Halafu kuna majina mapacha. Kongowe ipo ya Barabara ya Kilwa, mbele ya Mbagala, na ipo nyingine Kibaha kwenye Barabara ya Morogoro. Kisarawe ni wilaya ya Pwani, lakini Kisarawe II ni kata ya Kigamboni. Mkataba unaosema "kiwanja kipo Kongowe" ukaishia hapo ni karatasi tupu.

Namna ya kuurekebisha: mtafute muuzaji angali hai na anapatikana simuni, wiki hii kama unaweza. Muandikiane nyongeza ya mkataba mbele ya wakili, inayotaja tarehe ya mkataba wa kwanza na kueleza kwamba ardhi iliyokusudiwa ni hii. Itaje kitongoji, kijiji au mtaa, kata, wilaya na mkoa, pamoja na ukubwa kwa mita za mraba. Itaje jirani wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi kwa majina kamili, nao wasaini. "Inapakana na mwembe" haifai, mwembe unakatwa. Ambatisha viwianishi vya kila kona, yaani namba zinazoonyesha kona ilipo kwenye ramani. Usifute wala kuchomeka neno kwenye mkataba wa zamani kwa kalamu nyingine. Marekebisho ya juu kwa juu yanaufanya mkataba mzima utiliwe shaka.

Hapo kwenye viwianishi pana kosa linaloharibu kazi nyingi. Simu yako inasoma namba kwa mfumo wa WGS 84. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Namba zile zile ukizihamisha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kuzigeuza, kiwanja kinasogea kama mita 300. Sehemu kubwa ya nchi mtu asingejali, lakini kando ya Mpiji mita 300 zinatosha kukuvusha mto na kukuweka mkoa usio wako. Kijana mwenye simu anayekwambia "nimeshakupimia, uko Dar" kwa shilingi elfu ishirini hajakupimia kitu kama hawezi kukwambia namba zake ni za mfumo gani na ramani aliyolinganisha nayo ni ya mfumo gani. Mpima aliyesajiliwa huandika jina la mfumo kwenye kila karatasi ya viwianishi. Usipoliona, mrudishie karatasi yake.

Jambo la pili ni kujua kama mlipo ni kijiji kilichosajiliwa au eneo lililokwisha kutangazwa kuwa la mipango miji, kwa sababu hapo ndipo kujidanganya kwamba uko Dar kunapokugharimu. Mjini, mwenyekiti wa serikali ya mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi; akisaini mauziano anasaini kama shahidi tu. Kijijini sheria ni nyingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Huko msimamizi wa ardhi ni halmashauri ya kijiji, kwa maana ya kikao chenye muhtasari, siyo mwenyekiti na mhuri wake mfukoni. Ugawaji wa ardhi ya kijiji unahitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na hata mwanakijiji anapokuuzia eneo lake, uhamisho huo unatakiwa upitishwe na halmashauri ya kijiji. Watu wanatoka mjini na mazoea ya mtaa, wanampata mwenyekiti, anasaini chini ya mwembe, wanashukuru. Nenda ofisi ya kijiji ukaombe nakala ya muhtasari wa kikao kilichopitisha mauziano yako. Kama haupo, waombe waliweke suala lako kwenye kikao kijacho.

Na usikubali njia ya mkato ambayo najua utashauriwa: kuomba barua ya utambulisho kwa mtendaji wa Bunju unayemfahamu, ili karatasi zote zisome Dar. Barua ile inasema anakutambua kama mkazi wake, na hakutambui. Ukiiambatisha kwenye kiapo, umeapa uongo kwa ajili ya kulinda kosa la dalali.

Kuhusu maneno kwamba mtaingizwa Dar: mpaka wa mkoa ukibadilishwa, tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali likiwa na namba na tarehe. Dalali akikwambia "mchakato upo", mwombe namba ya tangazo. Hana. Maneno hayo yanauzia viwanja Kibaha, Vikindu, Kerege na kwenu Mapinga, na mnunuzi analipia bei ya leo kwa mpaka ambao haupo. Hata kama siku moja ungesogezwa, kiwanja kisicho na mkataba unaokitambulisha kitahamia Dar kikiwa na kasoro ile ile.

Kwa wengine mnaosoma hapa mkiwa na pesa mkononi na mmeonyeshwa "kiwanja cha Dar" mwisho wa daladala: nendeni siku ya kazi, siyo Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa. Msimkute mwenyekiti kwenye kiwanja alipoletwa na dalali. Mfuateni ofisini kwake wenyewe, na mtafute njia kwa kuwauliza wenyeji. Kabla ya kusoma mkataba, tazameni muhuri. Maandishi ya mduara yatataja Manispaa ya Kinondoni au Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo, Manispaa ya Temeke au Halmashauri ya Wilaya ya Mkuranga. Kisha tazameni mstari wa kwanza wa mkataba unasema kiwanja kipo wapi. Vikipishana, msitoe hata malipo ya awali mpaka mstari ule uandikwe upya mbele yenu, na muende na viwianishi kwa afisa ardhi wa halmashauri iliyotajwa kwenye muhuri, awaonyeshe kwenye ramani yake kidole kikiwa juu ya eneo lenyewe.